Tonge la Pembe Tatu

Nyumbani kwetu Paje, Unguja, wali ukishikana ni aibu ya mpishi. Mama hufunua sufuria, huchota kidogo kwa mwiko, na punje zisipoachana huuliza, "Nani mgonjwa humu ndani?" Kwake yeye mashendea ni dawa, si chakula, na bibi harusi akipika wali wa namna hiyo, habari hufika kwao kabla ya magharibi. Kwa hiyo Aprili 2018, siku ya pili tangu nishuke Tokyo, nilipotia vijiti kwenye bakuli la wali na wali ukainuka bonge moja, nilimwonea huruma aliyepika. Sikujua kwamba hapo ndipo alipopatia.

Nilikwenda kusoma lugha. Mkono wangu ulikuwa mzito kwa vijiti, na haya ya kula mbele za watu ilinishindisha na njaa siku mbili tatu za mwanzo. Kilichoniokoa ni stesheni. Nilimwona mzee wa suti, msichana mwenye sare ya shule, dereva wa teksi aliyeegesha gari kando, kila mmoja ameshika kitu cheusi cha pembe tatu na anakiuma. Kwa mkono! Nikasema moyoni, kumbe hawa ni wenzetu. Nikaingia kwenye moja ya yale maduka yao yasiyofungwa usiku wala mchana, wanayaita konbini, nikanunua kimoja kwa yen mia na kitu.

Kitu hicho ni onigiri, na sisi tunalo neno lake tayari: tonge. Ila tonge letu maisha yake ni mafupi, linatoka siniani na kuishia mdomoni, na la kwao hufumbatwa asubuhi likaliwe adhuhuri, ofisini, shambani au juu ya mlima. Ndani hutiwa kitu chenye chumvi au ukali, nje huviringishwa nori, yaani mwani uliokaushwa ukawa mwembamba kama karatasi.

Hilo la kwanza nililila likiwa uchi. Karatasi yake ya plastiki ina namba tatu: moja, unavuta utepe wa katikati mpaka uzunguke tonge zima, mbili, unavuta pembe ya kulia, tatu, ya kushoto. Nori imelala katikati ya plastiki mbili isiguse wali mpaka dakika ya kula, ndiyo maana inavunjika kwa mlio kama krispi ya muhogo. Ufungaji wa kutenga mwani na wali, 7-Eleven ya Japani iliuingiza madukani mwaka 1978, na watoto wa kule wanajua kuufungua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nilianzia namba tatu. Nikabaki na wali mweupe kiganjani, mwani wote umebaki ndani ya plastiki, na nikawa naukwangua vipande vipande kama mtu anayepaa samaki. Kijana mmoja wa Kinepali tuliyekuwa darasa moja alinitazama mpaka mwisho ndipo akanionyesha namba. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema akaniambia na yeye hakuna aliyemwambia.

Lakini ile harufu. Nilipouweka puani ule mwani, nilirudi Paje mara moja. Mama yangu ni mkulima wa mwani. Kwetu kilimo hicho kilishika mwaka 1989, Paje na Jambiani, na nimekua nikiona wanawake wakiteremka pwani maji yakipwa, wakati wa bamvua, kamba zimezungushwa shingoni, vigingi kichwani, wakainama kutwa kufunga vichipukizi kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, kimoja kimoja. Mwani ukianikwa uani, nyumba nzima inanuka bahari. Halafu unaingia magunia, unauzwa, unapanda meli. Tuliambiwa unakwenda kutiwa kwenye dawa za meno na aiskrimu huko Ulaya. Kwetu sikuwahi kuona mtu akiuweka mezani.

Nikampigia simu usiku ule ule.

"Mama, huku watu wanakula mwani."

"Masikini. Wana njaa?"

Mwani wao si wetu. Wetu ni ule wa matawi, mnene, unaopenda maji ya moto, ingawa sasa yamezidi umoto hadi aina ile yenye bei nzuri imekuwa ikifa. Wao wana wa majani, unamea kwenye nyavu majira ya baridi. Na kuna kisa chake ambacho nilikuja kukipenda kuliko chakula chenyewe. Kwa karne nyingi wavuvi wa Kijapani walikuwa wakichomeka miti baharini, baadaye wakatandaza na nyavu, kisha wanasubiri. Mbegu inatoka wapi, hakuna aliyejua. Mwaka mwingine inakuja, mwaka mwingine haiji, hata wakauita jani la bahati. Baada ya vita kuu ya pili mavuno yakawa mabaya sana. Aliyekuja kufumbua fumbo ni mwanamke wa Kiingereza, Kathleen Drew-Baker, aliyekuwa akichunguza mwani wa kwao huko Manchester. Mwaka 1949 alionyesha kwamba mwani huo hupitisha sehemu ya maisha yake ndani ya magamba ya kombe na chaza, kama vidoadoa tu ambavyo watu walidhani ni mmea mwingine kabisa. Wajapani wakaanza kuzalisha mbegu ndani ya magamba na kuzipandikiza kwenye nyavu. Bibi yule alifariki mwaka 1957, Japani hajaiona kwa macho. Mwaka 1963 walimjengea mnara huko Uto, mkoa wa Kumamoto, mahali panapotazama bahari ya Ariake, na kila Aprili watu huenda kumkumbuka. Wanamwita Mama wa Bahari. Nilipomsimulia mama yangu akauliza kama na yeye atajengewa.

Nirudi kwenye tumbo langu. Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri sheria inamtaka mwajiri aongeze robo ya mshahara. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa kigeni niliowajua walikuwa wakisinzia darasani. Mwezi wa pili tu nikapata kazi kiwandani, na kiwanda chenyewe kilikuwa cha kutengeneza nini? Matonge.

Kabla ya kuingia unavaa nguo nyeupe, kofia ya wavu, juu yake kofia nyingine, barakoa, unajipitishia rola ya gundi mwili mzima kutoa unywele, unanawa mpaka kwenye viwiko, unavaa glavu, kisha unanawa tena glavu zenyewe. Mle ndani kuna ubaridi wa kukufanya ujikunyate. Wali unateremka kutoka mashineni umeshapimwa, umetengenezwa kishimo katikati, na sisi tumepanga mstari kila mtu na kijazo chake: mwenye samaki, mwenye mwani wa kupikwa, mwenye tuna na mayonezi. Unadondosha kijiko kimoja, mkanda unasonga, nusu nyingine ya wali inafunika, mashine inabana, mwani, plastiki, kreti. Mimi nilikuwa mtu wa tuna. Nimetia tuna mpaka usingizini nikawa natia.

Mkuu wa zamu yetu alikuwa mama wa Kijapani wa makamo, mkali kwa kazi na mpole wakati wa mapumziko. Usiku wa kwanza alikuja kwenye chumba cha kupumzikia ameshika matonge mawili ambayo pembe zake zilikunjamana, hayauziki. Akaninyooshea moja. "Sake," akasema.

Nikarudisha mkono kama nimeguswa na moto. Nikamwambia kwa Kijapani changu cha mwezi mmoja: mimi Mwislamu, sake hapana, kabisa. Akashangaa. Akarudia: sake. Nikarudia: hapana. Wavietnamu pembeni wakaanza kucheka. Mwisho akachukua kalamu, akachora samaki, akamtia hadi jicho. Ndipo nikajifunza kwamba samoni naye anaitwa sake, ingawa wengi hutamka shake pengine kutuepushia aibu watu kama mimi, na kwamba pombe na samaki huandikwa kwa alama mbili tofauti kabisa. Wiki ile alinifundisha kusoma alama mbili: ya nguruwe na ya pombe. Wenzangu darasani walianza na alama za mlima na mto, mimi nilianza na hizo, na mpaka leo nikigeuza tonge dukani kusoma lebo yake macho yanakwenda yenyewe. Kuhusu ile pombe kidogo inayokuwemo ndani ya sosi ya soya kila mtu na sheikh wake. Mimi nilijipa samoni, mwani na umeboshi, nikanyamaza.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia katikati ya Mei. Alfajiri ya Tokyo mwezi wa Juni hukuwahi: adhana ni saa tisa kasorobo hivi usiku. Mapumziko yetu yalikuwa saa nane. Kwa hiyo mwezi mzima, usiku wa zamu, nilikula daku kwenye chumba chenye taa nyeupe na mashine ya kuuza vinywaji, matonge mawili na chai ya chupa, Wanepali wamelala wameweka vichwa mezani. Sijawahi kupata daku linalokaa tumboni kama lile. Mtu aliyetia umeboshi katikati ya wali alijua njaa ni nini. Ni tunda dogo jamii ya aprikoti, linalowekwa kwenye chumvi kisha likaanikwa juani siku tatu, na ukali wake unamrudisha aliyelala. Kwa Mzanzibari ni rahisi kuelewa: ni achari ya ndimu iliyokwenda ng'ambo. Zaidi ya ladha, wenyewe wanasema linazuia wali usichache upesi.

Kuna usiku mmoja nilikosea. Kijazo kilibadilishwa, mimi nikiwa na usingizi na swaumu nikaendelea kutia tuna kwenye matonge yanayovalishwa lebo ya mwani wa kupikwa. Waligundua baada ya kreti kadhaa. Mkanda ukasimamishwa, watu wote wakanitazama. Sikupigiwa kelele, nilielezwa kwamba tuna ile ina mayonezi, mayonezi ina yai, na mtoto mwenye mzio wa yai akinunua kwa kuamini lebo anaweza kufa. Halafu kreti zote zikamwagwa. Wali wa moto, mweupe, ukateremka kwenye pipa kama mchanga. Watu hao hao wana msemo kwamba katika kila punje ya mchele mna miungu saba. Nilisimama pale na glavu zangu, nikifikiria sinia la kwetu ambapo watoto tulikuwa tunagombea ukoko. Sikulala ile asubuhi.

Tonge la kufumbatwa kwa mkono wa mtu nililipata nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba Otsuka, mtaa wa Tokyo, na bibi mwenye nyumba aliishi chini, peke yake. Alijua nafanya kazi usiku kwa sababu ya ngazi za chuma. Jumapili moja alinigongea, akanipa sahani yenye matonge matatu yamefunikwa, akasema, "Omusubi." Nikamwambia onigiri, kama mwanafunzi mzuri. Akatabasamu. Ni kitu kile kile, majina mawili: onigiri inatokana na kufumbata, omusubi inatokana na kufunga, kama unavyofunga fundo. Nikamfikiria mama na tai-tai zake.

Nilipouma nikajua kwamba miezi mitatu yote nilikuwa nakula kivuli chake. Wali ulishikana mpaka ulipoingia kinywani, ukaachana wenyewe. Punje punje! Ule wali ambao mama hutaka kuuona ndani ya sufuria, bibi yule aliuchelewesha tu hadi mdomoni.

Nikamwomba anifundishe. Anaosha mchele kwa wepesi, anauloweka nusu saa, anapika, haugusi mpaka umemaliza kujipumulia dakika kumi. Kisha analowesha viganja kwa maji, anapaka chumvi kidogo, na kuchota wali ungali unafuka moshi. Mimi niliruka. Yeye viganja vyake vilishakufa ganzi miaka mingi. Mkono wa kushoto unakuwa sakafu, wa kulia unakunjwa kuwa paa, hapo ndipo pembe inapopatikana. Unageuza, unagusa, unageuza, unagusa, mara tatu au nne, basi. Langu la kwanza nilifumbata kwelikweli, likatoka gumu kama jiwe la mafiga. Akalipima mkononi, akalirudisha mezani na kusema nisibane. Nikamuuliza, si jina lake lenyewe ni kubana? Akasema jina ni jina.

Yeye ndiye aliyenihadithia kuhusu msikiti wa Otsuka, ule nilioswali Ijumaa zangu. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, waumini wa pale pamoja na majirani wa mtaa walipika wali, wakafumbata matonge, yakapakiwa kwenye magari kupelekwa kaskazini kwa waliokosa makazi. Aliniambia mkono wa mtu unajulikana kwa chumvi, na kwamba matonge ya siku zile yalikuwa ya kila namna: makubwa, ya mviringo, mengine chumvi haikuingia kabisa. Hakuna aliyerudisha.

Otsuka pana jambo jingine ambalo Mtanzania hawezi kulinyamazia. Karibu na stesheni kuna mkahawa wa onigiri uliofunguliwa mwaka 1960, vijazo zaidi ya hamsini, foleni inakunja kona, na jina lake ni Bongo. Naapa. Mwanzilishi alikuwa mpiga ngoma, ile ngoma pacha ya bongo, akaliita duka kwa jina la chombo chake. Nilisimama kwenye foleni kwa saa nzima na zaidi, nikapigwa picha chini ya kibao, nikawatumia rafiki zangu wa Dar es Salaam: mtu wa Unguja hatimaye nimefika Bongo, nimepitia Tokyo. Matonge yao ni makubwa, yanafumbatwa mbele yako, na yule anayefumbata hafumbati. Anayakumbatia mara chache tu kama anayemfunika mtoto shuka. Bibi wangu alikuwa sahihi.

Niliacha kiwanda baada ya masomo, nikapata kazi ya mchana, lakini tonge halikuniacha. Nimelila kwenye treni zilizochelewa, kwenye foleni ya uhamiaji, na siku niliyopata homa na sikuweza kushika kijiko. Tangu majira ya joto ya 2024, mchele ulipoadimika madukani, na 2025 mfuko wa kilo tano ulipopita yen 4,000 wakati tulizoea kama nusu yake, ndipo niliposikia Wajapani wakilalamika bei ya chakula kwa sauti kama ya sokoni Darajani. Tonge la yen mia na kitu likawa linakaribia mia mbili. Serikali ikafungua maghala ya akiba. Bibi mwenye nyumba akapunguza ukubwa wa matonge yake, hakupunguza idadi.

Mwaka huo huo nilikwenda nyumbani likizo, sandukuni nimetia pakiti tatu za nori. Nikatangaza kwamba nitapika mimi. Nikachukua mchele wa mapembe uliokuwepo, nikaupika kwa ustadi wote niliofundishwa, nikalowesha viganja, nikatia chumvi, nikafumbata. Nilipofungua mikono, wali ukatawanyika mkekani kama shanga zilizokatika uzi. Mchele ule wa punje ndefu hauna ile nata. Ukiubembeleza au ukiubana ni sawasawa. Wadogo zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama akauokota, akautazama, akasema, "Umepika vizuri sana, mwanangu," na hiyo ndiyo ilikuwa dhihaka kubwa kuliko zote.

Siku ya pili nikaupika mpaka ukapondeka. Mashendea. Ukashikana. Ndani nikatia nguru wa kukaanga niliyemchambua na achari ya ndimu iliyokatwa ndogo ndogo, nikaviringisha mwani. Nilipowasimulia kwamba mwaka 1987 huko mkoa wa Ishikawa walichimbua bonge la wali lililoungua, la miaka kama elfu mbili, linalofanana na tonge la pembe tatu, mama akasema aliyeliunguza bado anasimangwa huko aliko.

Matonge yalikwisha. Ila yeye hakuwa na habari na wali. Alikuwa ameshika karatasi moja ya nori, ameielekeza kwenye mwanga wa dirisha, anaitazama kama anayekagua noti. Akaipima kiganjani.

"Hii inauzwa?"

"Inauzwa."

"Kilo bei gani?"

Sikuwahi kupiga hesabu hiyo. Karatasi moja ni gramu tatu hivi. Pakiti ya karatasi kumi nilinunua kwa yen 600, nayo ni gramu thelathini. Kilo basi ni yen elfu ishirini. Nikazigeuza shilingi kwenye simu, ikatoka laki tatu na zaidi. Yeye wakati huo mwani wake mkavu aliuuza mia saba kwa kilo. Nilimwambia ile namba kwa sauti ndogo.

Alinyamaza. Nje kulikuwa na kamba zake zimeanikwa ukutani, zingine zimeota chumvi.

"Na huyo mwenzangu wa huko, naye anakwenda na bamvua?"

"Wana boti, mama. Na mashine za kukaushia."

Akachana kipande kidogo pembeni ya ile karatasi, akakiweka ulimini, akafumba mdomo. Tulimsubiri wote.

"Hauna hata chumvi," akasema.